Kata Iliyomruka Mama

Mwarobaini ukianza kuchemka haupigi hodi. Harufu yake inapita chini ya mlango, inaingia kwenye nguo, inakaa kwenye ulimi wa mtu ambaye hata hajaonja. Wengine wanakunja pua. Mimi nikiisikia nataka kucheka, na wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kucheka ovyo.

Mwaka huu nimeisikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na hilo kwangu ni jambo geni. Kila mavuno yakiisha mimi ndiye ninayesimama pale motoni, mimi ndiye ninayechambua majani, mimi ndiye ninayeshika kata. Lakini sasa nina ugonjwa wa sukari, nameza vidonge vya zahanati. Nilipokwenda kliniki nesi akaniuliza nakunywa nini nyumbani, nikamwambia kwamba sisi, mtama ukishaingia ghalani, tunakunywa mwarobaini. Akaweka kalamu chini. Akaniambia, bibi, vidonge hivi vinashusha sukari, na mwarobaini nao unaishusha. Vyote viwili vikivuta upande mmoja, utaanguka shambani peke yako. Hapo nikakumbuka mavuno yaliyopita, nami nimeshaanza vidonge, nilivyotetemeka na kutokwa jasho la baridi, nikasema ni uzee. Haukuwa uzee. Sikubishana naye. Mtu anayekuuliza unakunywa nini nyumbani kabla hajakupa dawa zake, mjibu ukweli wote. Ukimficha, unayeumia ni wewe, yeye anaenda zake kula chakula cha mchana.

Ila kwetu kuna sheria moja, na haina msamaha: asiyekunywa hagawi. Kwa hiyo kata nimempa mkwe wangu Rehema. Ni ya kibuyu, mkono wake umeng'aa kwa kushikwa. Si ile ya bibi yangu, ile ilipasuka zamani, lakini hii ilikatwa kwa kuipimia ile.

Nyie wenzangu wa rika langu mtanielewa. Mtu mzima ukikaa bila kazi, pua inakupeleka inakotaka yenyewe. Yangu ilinipeleka kwa bibi mzaa baba, kwenye nyumba yetu ya tembe upande wa Ikungi, mavuno yale ambayo mama yangu alirukwa.

Bibi hakuwa mganga. Nasema mapema, maana siku hizi ukitaja majani watu wanadhani unataja uganga. Alikuwa mkulima anayejua miti michache, na ile asiyoijua aliiacha isimame. Hakusema mwarobaini unaponya kila kitu. Mtu akishikwa na homa kali, bibi alimpakia kwenye punda akapelekwa hospitali ya misheni, wala hakumchemshia jani hata moja. Mwarobaini ulikuwa wa kufungia mavuno tu. Yeye alisema unaondoa vumbi la mtama kooni. Kama kweli unaliondoa mimi sijui, lakini mwaka haukuwa umeisha mpaka tumekunja nyuso pamoja.

Siku hiyo uwanja wa kupuria ulifagiliwa mpaka ukawa kama sahani. Chungu kikatolewa nje. Bibi alitia majani ya kujaa kiganja, si ya kujaa kikapu, na maji yakichemka tu alikitoa motoni. Kulikuwa na wanawake vijijini waliochemsha mpaka maji yakawa meusi kama lami, wakajisifu kwamba yao ndiyo makali. Bibi alisema ukali ni wa kisu.

Kisha akanywa yeye kwanza. Alisimama, uso wake kwa watu wote, akanywa kata ile mpaka mwisho, halafu akaenda kukaa. Hakuna aliyechotewa mpaka kivuli cha tembe kimefika kwenye jiwe la kusagia. Watu walikaa wakimtazama, wakipiga soga, na yeye akikaa kama mtu anayepigwa picha. Mimi akili yangu ya kitoto iliniambia ni choyo. Nilidhani anajinywea nyingi akiwa peke yake, halafu anangoja ishuke tumboni apate nafasi ya nyingine. Nilimwonea wivu mwarobaini, mnaona mambo hayo. Sisi tuliokuwa hatujaota meno ya mbele tulilambishwa kwa ncha ya kidole, basi. Siku hizi hata hilo tumeliacha, nesi alisema watoto wadogo wasipewe kabisa, na sikumwona mtoto aliyelia kwa kunyimwa.

Kivuli kilipofika kwenye jiwe, bibi akasimama na kata. Alianza kwa baba, akaenda kwa baba mdogo, kisha kwa mke wa baba mdogo. Zamu ya mama ilipofika, akapita. Hakusimama, hakumtazama. Akamchotea jirani aliyekuja kutusaidia kupepeta, kisha, kwa sauti ileile anayoitia kuku, akamwambia mama aende akanywe uji.

Mke wa baba mdogo akajifunika mdomo kwa khanga. Jirani akainama kuokota punje moja ya mtama, akaitafuta muda mrefu. Baba akawa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba amevipata leo.

Nyie mmeshaelewa. Mama alikuwa mjamzito, na kwa bibi mjamzito hakunywa mwarobaini, wala mzizi, wala kitu chochote kichungu cha kuchemsha. Alikuwa amemnong'oneza bibi peke yake jikoni. Kwetu mimba changa haitangazwi. Kata ikimruka mwanamke imeshasema, na hakuna anayeongeza neno. Mama alikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kuliko wengine wote. Baada yangu mimi mimba zilikuja na kutoka, na kwenye ukoo maneno yalikuwa yameanza kutembea, kwamba baba atafute mke mwingine. Ile iliyokuwa tumboni ndiyo aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili. Isingekaa, sijui kama angebaki nyumbani kwetu.

Mimi hayo sikuyajua. Mimi nilijua habari ya chungu. Siku chache kabla ya hapo mama aliteleza kisimani akavunja chungu cha maji cha bibi, kile kikubwa cha shingo nyembamba. Kwa hiyo nilipoona amerukwa, nikajua kesi imehukumiwa. Na kila nilichokiona baada ya hapo kilinithibitishia. Bibi akamkataza mama kubeba maji. Nikasema, ndiyo, haaminiwi tena na vyungu. Akamkataza kutwanga. Hapo nikashangaa kidogo, maana kinu ni gogo, nani anavunja gogo? Nikaona kumbe chuki ya bibi ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Nikaanza kutembea karibu na mama nikimshika khanga, kama askari.

Ndipo akaja shangazi Mwajuma.

Shangazi ni dada wa baba, mtoto wa bibi wa kumzaa. Alikuwa ameolewa Sekenke, mumewe akichimba dhahabu kwenye vishimo vile, na kila alipokuja alikuja kwa kishindo: kwa lori la watu, na sukari, na sabuni ya kunukia, na hadithi ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha. Tulimpenda wote. Mama alimpenda zaidi, kwa sababu kwenye ukoo ule wifi huyo ndiye peke yake aliyewajibu watu waliosema baba aoe mwingine. Aliwajibu kwa sauti, sokoni.

Nilimpokea mzigo, nikamwamkia, shikamoo shangazi, na kabla hajamaliza kusema marahaba nikawa nimemweleza kesi yote. Kwamba mama kavunja chungu, kwamba bibi kamnyima dawa mbele ya watu, kwamba watu wakacheka; kata yenyewe sikuitaja. Shangazi alisimama njiani akanisikiliza, mkono kiunoni. Akaniambia nisijali. Akapapasa kwenye kikapu chake akatoa chupa ya soda, imezibwa kwa gunzi la mahindi, ndani yake maji ya rangi ya chai iliyolala. Alikuwa ameinunua siku hiyohiyo mnadani Ikungi, kwa mtu aliyesimama juu ya debe. Mtu huyo alisema inaongeza damu, inanyoosha mgongo, inafungua uzazi, na inamrudisha mume aliyepotea. Mume wa shangazi hakuwa amepotea, lakini aliona si vibaya kuwa nayo.

Tulipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kivulini wakibangua karanga. Shangazi alisalimia wote, akakaa, akamwaga maji ya chupa ile kwenye kikombe, kikajaa. Harufu ikatoka. Hata kuku alisogea mbali. Akampa mama.

"Wifi yangu, kunywa hii," akasema. "Mwakani nataka kubeba mtoto. Nimechoka kubeba maneno ya watu."

Mama alikipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama inavyopasa kupokea kitu cha wifi. Nilimwona uso wake. Nilidhani anataka kulia kwa shukrani. Sasa nikiukumbuka uso ule najua alikuwa amebanwa kama panya kwenye mlango: kusema siri yake asingeweza, na kumrudishia wifi aliyempigania asingeweza pia. Akakinyanyua kile kikombe taratibu, taratibu sana, kikafika kidevuni.

Bibi hakuinuka. Hakuacha hata kubangua.

"Weka chini hicho," akasema.

Mama akakiweka chini upesi, karanga zikaruka.

Bibi akamgeukia shangazi. "Inaitwa nani hiyo?"

"Dawa ya damu, mama."

"Hiyo ni kazi yake. Nakuuliza jina."

Shangazi akasema mwenye nayo hasemi jina, ni siri ya kwao. Bibi akauliza ni mzizi, ni jani au ni gome. Shangazi akasema ni mchanganyiko. Bibi akauliza mjamzito anakunywa, anayenyonyesha anakunywa, mzee anakunywa. Shangazi akasema yule mtu alisema wote wanakunywa, hata ng'ombe. Bibi akabangua karanga mbili hivi.

"Na yeye alikunywa mbele yako?"

"Mama na wewe. Mtu ana foleni ya wateja, atakunywa na nani, ataacha na nani?"

"Basi kunywa wewe," bibi akasema. "Anayegawa anatangulia. Au huko Sekenke sheria mmeichimbia shimoni?"

Watu walicheka, na shangazi hakuwa mtu wa kuchekwa mbele ya chupa yake. Akanyakua kikombe, akanywa chote, akapangusa mdomo. Macho yakamtoka machozi. Akasema ni tamu. Bibi akasema vizuri, tukae tungoje.

Tukakaa. Karanga zikaendelea. Shangazi akaanza hadithi ya mchimbaji mmoja aliyepata jiwe la dhahabu kubwa kama kiazi, akalificha mdomoni, akashindwa kuwaitikia wenzake salamu. Tulikuwa tumeinama tunasikiliza. Alifika pale ambapo wenzake wanamuuliza mbona shavu limevimba, akanyamaza. Tukangoja. Akaweka ungo chini kwa utaratibu, akasimama kwa heshima, akajifunga khanga vizuri, akatembea hatua za mtu mwenye adabu mpaka kwenye kona ya tembe. Kuanzia hapo alikimbia. Tulimwona akikata shamba la mtama, mabua yanalia pwa pwa pwa, khanga inapepea, mpaka akazama.

Hadithi ya yule mchimbaji sijui iliishaje. Alirudi, akakaa, akafungua mdomo, akaenda tena.

Bibi alikivuta kikombe, akanusa, akagusa kwa ulimi akatema. Akasema shubiri, tena imetiwa kwa mkono wa mtu asiyejua, na kuna vingine humo ambavyo hata yeye havijui. Hakucheka. Aliinuka akamkorogea mwanawe uji mwepesi, chumvi kidogo na sukari, sukari ileile aliyotuletea zawadi, akanituma nimpelekee huko kwenye mabua pamoja na maji mengi. Nilikwenda na kurudi nikiwa mtu muhimu kuliko wote pale nyumbani. Na bibi aliniagiza nimwambie: tumbo likigeuka damu, au akiona kizunguzungu, punda yuko tayari, ni misheni moja kwa moja.

Halikugeuka damu. Jua lilipoinama, shangazi akaja amejikokota, akajilaza kwenye mkeka.

"Mama, umeniua," akasema.

"Hujafa. Maiti hasemi." Bibi alimsogezea uji. "Wewe imekukamata tumbo tu, litatulia. Mwenzio humo tumboni ana mtu."

Akili ya shangazi ilichukua muda kidogo, ilikuwa imechoka. Alimtazama bibi. Akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamia karanga zake, lakini mikono imeacha kubangua, na mashavu yamepanda. Shangazi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, nusu kilio nusu kigelegele. Akainuka mkekani, akafungua mikono kumwendea wifi yake amkumbatie, akafika katikati ya uwanja, uso ukabadilika, akageuka, mikono bado imefunguka, akarudi kwenye mabua.

Hapo bibi ndipo alipocheka. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alicheka bila sauti, mabega tu, machozi yakifuata mikunjo ya uso, na mama akacheka naye akiwa ameshika tumbo lake, na mke wa baba mdogo akagaagaa kwenye maganda ya karanga. Mimi nilisimama na kibuyu cha maji, sielewi. Nikamuuliza bibi, basi na chungu je? Akauliza chungu gani. Nikamweleza kesi yote kama nilivyoihukumu: kurukwa, maji, kinu. Akanivuta akanikalisha karibu naye. Alinuka moshi na mwarobaini.

"Chungu kile kilikuwa na ufa kabla baba yako hajaoa," akasema. "Mama yako nimemruka kwa sababu nataka mjukuu. Majani yangu nayajua, ndiyo maana najua na mtu wa kumnyima."

Nikaona nimalize maswali yote siku hiyohiyo, maana sikujua lini atacheka tena. Nikamuuliza kwa nini yeye hunywa peke yake kwanza, mpaka kivuli kifike kwenye jiwe. Akasema mkono unaogawa ndio uanze kuumia. Basi. Hakuongeza, na mimi sijaongeza mpaka leo.

Mimba ile ilikaa. Mvua za kwanza zilikuta mama hawezi kuinama kufagia, na mtoto alizaliwa misheni wakati mtama umefika magotini, wa kiume, analia kama ng'ombe wa mnadani. Shangazi alikuja na lori, na sukari, na sabuni. Bibi alikichungulia kikapu chake mpaka chini kabla hajamruhusu kuingia. Maneno ya mke mwingine yalikufa yenyewe. Na kila mavuno, mpaka alipozeeka, shangazi alipofika kwenye zamu yake alimuuliza bibi kwa unyenyekevu mkubwa, "Inaitwa nani hii, mama?" Na bibi alimjibu, "Mwarobaini, jani, nimekunywa." Watu wakacheka kila mwaka, mzaha uleule.

Mtoto yule ni mdogo wangu. Sasa ana mvi, anaishi Manyoni, na mavuno haya alikuja na gari moshi la maneno kama kawaida yake, analalamikia uchungu kabla kata haijamfikia.

Tulikaa uwanjani wote. Rehema aliweka majani ya kujaa kiganja, akatoa sufuria motoni maji yalipochemka tu. Alikunywa kwanza, amesimama, uso kwa watu, akaenda kukaa. Tulimtazama. Kivuli kilipofika akaanza kwa mdogo wangu, kwa kuwa ni mgeni. Kisha akafika kwangu, akasita. Nikamtolea macho. Akapita.

Sikufikiri kama ningesikia kitu, lakini nilisikia. Miaka yote hii kata hiyo imekuwa mkononi mwangu, halafu inapita mbele ya pua yangu kwenda kwa mwingine. Kama siku ile ya mama, kila mtu akatafuta punje ya kuokota.

Basi yuko mjukuu wangu Asha, binti wa Rehema, meno ya mbele hana. Asha aliwahi kumwona mama yake akirukwa, na baada ya hapo nyumbani akaja mtoto. Alinitazama, akaitazama kata inakokwenda, akanitazama tena tumboni.

"Bibi," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "na wewe una mtoto?"

Mdogo wangu alitema mwarobaini wote kwenye shati lake jeupe la safari. Rehema akakaa chini na kata yake. Watu walicheka mpaka mbwa akaanza kubweka, kisha mmoja mmoja wakakumbuka mimi ni nani, wakanigeukia kuona nitamchapa mtoto au nitafanyaje.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na akizaliwa utambeba wewe."

Asha hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli la uji amelishika kwa mikono miwili, anatembea polepole asimwage, ulimi nje. Nikaupokea, hauna sukari, nikaunywa wote mbele yake. Tangu siku hiyo hanikubalii kubeba hata ndoo ya maji, na mimi sijamsahihisha.